Mpira Imefungwa

Wadogo zangu wa chumba cha mafaili cha hospitali, kwanza tuelewane jambo moja: acheni kuniita tonton, kana kwamba ni mjomba wenu mzee. Nina miaka thelathini na mbili. Juzi Clarisse alipokuja kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio hapa Tshopo, akasimama juani na kusema, "Tonton Dieumerci, kule hakuna mutu wa kutufundisha kazi, utuandikie hata kidogo," mteja wangu aligeuka kumtafuta huyo mzee anayeitwa. Lakini bon, nimekubali. Nilikaa miaka tisa kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi, na mtu aliyemaliza miaka tisa juu ya kiti kile ni mstaafu, hata kama ndevu zake bado hazijaamua kuota.

Sikusoma sana. Niliishia mwaka wa tatu wa sekondari, kwa hiyo mkiona sentensi inapinda, pindeni nayo. Nitawaandikia habari za watoto wenye mpira kichwani, kwa sababu faili zao ndizo nilizozishika zaidi, na kwa sababu kati ya faili hizo kuna moja niliyoiandika vibaya. Hiyo nitaifikia. Nipeni muda kidogo, mkono wangu hauendi huko kwa furaha.

Kazi yenyewe mnaijua: kila ugonjwa duniani una alama yake, herufi moja halafu tarakimu. Malaria ina yake, kuumwa na nyoka kuna yake, hata kuanguka kutoka juu ya mti kuna yake. Siku niliyoikuta hiyo ya mti nilicheka peke yangu, maana mjomba wangu aliwahi kuanguka kutoka kwenye mchikichi, na hakujua kwamba aibu yake imo kwenye kitabu cha dunia nzima. Daktari anaandika ugonjwa kwa maneno, sisi tunaugeuza kuwa alama, ili mtu wa Kinshasa au wa Brazili akiiona aelewe bila kujua lugha yetu. Siku ya kwanza nilipoelezwa hivyo, nilirudi nyumbani Mangobo kwa miguu, nikasahau kabisa kwamba kuna pikipiki. Nilikuwa namwona huyo Mbrazili, amevaa shati la maua, anafungua karatasi yangu na kusema: aha, mtoto huyu wa Kisangani, najua kinachomsumbua. Mimi ni mtu wa ndoto, mama yangu atawaambia. Yeye ndiye aliyewatangazia majirani kwamba Dieumerci sasa anafanya kazi ya kodi hospitalini. Alitaka kusema "code", yaani hizo alama. Kwa wiki mbili watu wa mtaa waliponiona na mfuko wangu begani waliingia ndani, wakidhani nimekuja kutoza.

Aliyenifundisha ni Papa Anselme, ambaye ninyi hamkumkuta. Mrefu, mkavu, miwani yake imeshikwa na plasta ya hospitali upande mmoja. Hakukaa wakati wa kuandika alama. Alisema mtu akikaa anaanza kukisia. Kitabu chake kilikuwa fotokopi ya fotokopi, amekizungushia ukanda aliokata kwenye tyubu ya toleka, zile baiskeli zilizobeba abiria mjini kabla pikipiki hazijazifukuza. Kurasa za herufi Z zililoweshwa na mvua kabla sijafika, akaziandika zote upya kwa mkono kwenye daftari la shule. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa kitabu.

Alinifundisha kusoma faili kuanzia nyuma, kwa sababu ukurasa wa mwisho ndio mgonjwa wa leo. Alinifundisha kuanza na penseli, wino baadaye, daktari akishaweka sahihi yake. Na hii hapa haimo kwenye mashine yenu: daktari akiandika kitu ambacho hujui kama ni tano au ni herufi S, bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, jua liwe nyuma yake. Utaona kalamu ilianzia wapi. Tano huanza mara mbili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha, angalau mwishoni. Daktari mmoja aliandika "valve" tu, neno moja, akaenda zake. Nikafungua kitabu, nikakuta valve ya moyo, nikaandika hiyo nikiwa na fahari kubwa. Kesho yake daktari wa moyo alishuka na kifaa chake masikioni, akamsikiliza mtoto muda mrefu, na moyo wa mtoto ukawa unapiga vizuri kabisa. Akamuuliza mama: "Walimpasua moyo lini?" Mama akaangua kilio, akidhani wamemfanyia mtoto kitu yeye akiwa ametoka kununua mkate.

Papa Anselme aliniita dirishani. "Dieumerci, valve iko kwa moyo. Valve iko kwa kichwa. Valve iko kwa baiskeli yangu ile pale inje. Weye uliona moya tu?"

Tangu siku hiyo nikaliogopa kila neno la Kifaransa. Nililigeuza huku na huku kama mtu anayechagua samaki sokoni, nikalinusa chini ya mashavu. Kiswahili sikukiogopa. Nani anaogopa lugha ambayo mama yake alimkaripia nayo?

Sasa, hawa watoto. Ndani ya kichwa cha kila mtu kuna maji yanayozunguka, na kwa watoto wengine njia ya maji hayo inaziba. Maji yanajaa, kichwa kinakua, mtoto anaumia. Mitaani mtasikia mengi, uchawi, laana, sijui mama alimcheka nani akiwa na mimba. Msiyabebe. Daktari anaweka mpira mwembamba chini ya ngozi. Unatoka kichwani, unapita nyuma ya sikio, unashuka shingoni na kifuani, unamwaga maji tumboni, na tumbo linayanywa. Nyuma ya sikio kuna kivimbe laini, ndiyo ile valve ya kichwa, kama punje ya haragwe. Ukikibonyeza kikaingia na kurudi upesi, maji yanapita.

Mtoto ambaye mpira wake unafanya kazi, aliyekuja kutazamwa tu, alama yake ni Z98.2. Tuliisoma "zed nonante-huit point deux", na Papa Anselme aliitamka kama jina la mtoto mzuri. Maana yake: mpira upo. Basi. Niliiandika nikipiga mluzi. Mtoto ambaye mpira wake umeziba au umekatika ni T85.0, na hapo hakuna mluzi.

Vitabuni alama huandikwa mwisho, mgonjwa akishatoka. Kwetu Papa Anselme aliileta mlangoni, kwa penseli, juu ya jalada, kwa sababu madaktari wa vichwa walikuwa wachache na baraza lilikuwa linajaa asubuhi na mapema. Faili ya Z ilikwenda kwenye kabati la dirishani kungoja siku ya kontrole, yaani ya kutazamwa, Alhamisi moja ndiyo, moja hapana. Faili ya T ilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Maman Régine, muuguzi mkuu, na mtoto akaonwa siku ile ile. Ulikuwa utaratibu mzuri, nasema hivyo hata leo, watoto wengi walipita haraka kwa ajili ya herufi moja. Lakini mnaona mlango wa kosa ulipo. Herufi hiyo niliiandika mimi, kwa neno ambalo mama alilisema akiwa amesimama mbele yangu, na nyuma yake kuna mama wengine ishirini.

Haya. Nimefika.

Maman Julienne alikuja Jumanne moja asubuhi kutoka Isangi. Alikuwa amesafiri juu ya magunia ya makaa kwenye mashua ya mota, na kitenge chake kilikuwa na alama nyeusi hadi magotini. Mgongoni alimbeba binti yake Exaucée, miaka minne. Nilimjua mtoto huyo kwa karatasi: mpira wake uliwekwa kwetu akiwa mchanga. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye mgongo wa mama yake, ananitazama. Nikamkonyeza. Akatabasamu kidogo, akaficha uso.

Naomba mlishike hilo. Siku ile alikuwa anaona. Aliniona mimi.

Kwao Isangi wanaongea Kilokele na Lingala. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alikipanga polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayetandika mezani kwa wageni.

"Papa, mpira ya mutoto imefungwa."

Nielezeni, ninyi mngesikia nini? Fundi anafunga antena juu ya paa. Mvuvi anafunga mota kwenye mtumbwi. Akina mama wa hapa mjini kila siku waliniambia, mutoto wangu alifungwa mpira mwaka jana, alifungwa mpira na dokta yule mufupi. Kufunga, kwenye meza yangu, kulikuwa ni kuweka. Nikafurahi, nikampongeza.

"Félicitations, maman! Ilifungwa wapi?"

Kisha akageuza bega, akagusa nyuma ya sikio la mtoto.

"Hapa."

Mimi nilikuwa nimeinama nachonga penseli. "Hapa hapa?" Yaani kwetu, kwenye hospitali hii.

"Hapa hapa, papa. Angalia."

Sikuangalia. "C'est bon. Kontrole ni Alhamisi."

"Kesho kutwa?"

"Hapana, ile ingine. Jina yake iko kwa orodha, usiwe na wasiwasi."

"Papa, iko anatapika."

"Ni mashua, maman!" Nilicheka, wallahi nilicheka. "Hata mimi mashua inanitapisha. Akunywe maji kidogo-kidogo, apumuzike."

Nikaandika Z98.2 kwa mwandiko mzuri, nikaiweka faili kabatini. Na mluzi nadhani nilipiga.

Alifikia kwa binamu yake Mangobo, si mbali na kwetu. Ijumaa alirudi kuuliza. Nikamwambia, "Courage, maman, orodha inatembea." Jumatatu alirudi tena, safari hii peke yake. Akasema mtoto analala sana, hata mchana, hata ukimwita. Nikamwambia amwache alale, safari ilimchosha. Alinitii. Angenitukana, angepiga kelele pale barazani kama wengine wanavyofanya, Maman Régine angetoka kuona kuna nini. Lakini alikuwa mtu wa adabu, na mimi nilikuwa mchangamfu, na mtu mchangamfu nyuma ya meza anaaminika kirahisi sana. Jichungeni na hilo, hasa ninyi mnaocheka kama mimi.

Jumatano alikuja juu ya pikipiki, mtoto amelazwa katikati yake na dereva, shingo haina nguvu. Bahati Maman Régine alikuwa anavuka ua. Aliweka kidole nyuma ya sikio. Kivimbe kiliingia na kubaki ndani, kama ukibonyeza unga uliokandwa. Akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Faili! Faili ya huyu mutoto iko wapi?"

Nilikimbia kuichukua. Ilikuwa kabatini, dirishani, siku ya nane, jua limeanza kufifisha rangi ya jalada. Maman Régine aliipokea wakiwa tayari wanakimbia kuelekea chumba cha upasuaji. Hakusoma alama ya juu.

Alipona. Niseme hivyo upesi, msikae na roho juu. Walibadilisha mpira, na siku ya tatu alifungua macho, akaomba fufu na samaki, na wodi nzima ikashangilia. Nami nilikuwa pale nimeshika faili kifuani, nikimshukuru Mungu kwa bidii kuliko mtu asiye na kosa.

Ilikuwa saa sita mchana. Madirisha yote wazi, mwanga umelala juu ya mashuka hadi yanaumiza macho.

"Mama," mtoto akasema kwa Lingala, "washa."

Maman Julienne alikuwa anapoza chakula. Mkono wake ukasimama.

"Mama, washa taa."

Alipitisha kiganja mbele ya uso wa mtoto. Mara moja, mara mbili. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya nyumbani:

"Courant imekatika, mutoto yangu."

"Itarudi saa ngapi?"

"Ngoja. Itarudi tu."

Mtoto wa huku anajua umeme unavyokatika. Hakushangaa. Alikunja mikono akangoja. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa akiwachokoza wauguzi kutwa nzima. Alitazama dirisha, akamtazama Maman Julienne, kisha akasema kwa nguvu, "Hata huku kwetu iko giza! Ni ile transfo tena!" Mwingine akaitikia, "Ni kila siku!" Wodi nzima, mchana kweupe, ikalalamikia giza, kila mmoja na neno lake, ili mtoto mmoja asiwe peke yake. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya tangi la maji.

Daktari aliandika kwamba maji yalikaa yakiminya mishipa ya macho siku nyingi mno. Yamerudi chini, macho hayakurudi. Na hilo nalo lina alama yake, H54.0, na mwenye kuiandika nilikuwa mimi.

Papa Anselme alikuwa amesimama kando ya dirisha kama kawaida yake. Alikuwa ameshalitoa jalada la Exaucée.

"Soma."

"Zed nonante-huit point deux."

"Nani aliandika?"

"Mimi, papa."

"Mama alisema nini?"

Nikamwambia, neno kwa neno, pamoja na félicitations yangu. Alivua miwani. Bila miwani alionekana kama mtu wa familia nyingine.

"Lingala unaijua, Dieumerci. Mutu akisema kwa Lingala kitu ekangami, anasema nini?"

"Kwamba kimefungwa. Kimeziba."

"Alichukua neno ya kwao, akaivalisha nguo ya Kiswahili kwa ajili yako wewe. Na hata kwa Kiswahili yenyewe, barabara ikifungwa, gari inapita?"

Nilichukua kifutio. Aliweka kiganja chake juu ya jalada.

"Usifute. Piga mustari moja, mwembamba, ya kusomeka chini yake. Ukifuta, mwenye atakuja nyuma ataona alama nzuri tu."

"Mama atajua."

"Mama hasomi alama, mutoto yangu. Mwenye anajua ni wewe."

Nikapiga mstari. Wiki ile ile Papa Anselme alimwomba Maman Régine awe anabonyeza nyuma ya sikio la kila mtoto mwenye mpira kabla mtu wa mafaili hajashika penseli. Mnaona mpaka leo anafanya hivyo, na nasikia mnanung'unika kwamba anawachelewesha. Hakumwambia sababu. Kwangu mimi hakulirudia tena jambo lile, na alipostaafu aliniachia kitabu chenye ukanda wa tyubu, akaniambia nikikinge na unyevu.

Na mimi nilinyamaza. Mwaka mzima na miezi juu yake.

Maman Julienne alikuja kila kontrole. Alishuka kwenye mashua, mtoto mgongoni ingawa alikuwa ameshapita umri wa kubebwa, na kila mara aliniletea samaki wa moshi amefungwa kwenye majani. Kwa nini mimi? Kwa sababu, alisema, siku ile nilikimbia sana kuleta faili. "Wengine bangetembea. Wewe papa ulikimbia. Mungu anaona." Nilipokea. Nilisema asante. Mama yangu aliwapika na pilipili, na nilikula, na walikuwa watamu, na hicho ndicho kitu ambacho sijaweza kukieleza kwa mtu.

Exaucée alijifunza kunitambua kwa kiti. Mguu mfupi ulipogonga sakafu alicheka, "Iko pale!" na akaja akipapasa kingo za meza hadi akafika kwangu, akanishika pua. Alikuwa na desturi hiyo, kuanza na pua. Alitaka kujua redio yangu ya mezani inaongea na nani. Nilimwambia inaongea na yeye.

Kisha zikaja kompyuta, hizo mnazozitumia. Vijana wawili wenye diploma walitumwa kutuonyesha. Walikuwa wazuri, hawakunicheka, ingawa mara ya kwanza nilishika ile panya kwa mikono miwili. Walieleza kwamba tutaingiza kila faili, alama sahihi tu, ile ya mwisho; majalada ya zamani yatachomwa, yameshaliwa na mchwa. Nikauliza, alama iliyokatwa na mstari inaingia wapi? Yule kijana akafikiri. "Haiingii, grand. Ya nini tena?"

Kwenye mashine, basi, Exaucée angekuwa na T85.0 tangu mwanzo, amepokelewa vizuri, ametibiwa, bahati mbaya macho. Hakuna Jumanne. Hakuna siku nane. Nilikaa na jalada lile mapajani nikaona kwamba likiungua, mtu pekee duniani anayejua atakuwa mimi, na mimi najijua: ningeota ndoto nyingine juu yake mpaka niamini. Mtoto alistahili angalau hicho, kwamba mama yake ajue kilichomfunga macho hakikuwa Mungu wala mashua.

Alhamisi ya kontrole nilimwomba Maman Julienne aingie ndani, akae. Exaucée alikaa mapajani mwake, anachezea kopo tupu la maziwa lenye mawe ndani. Nikafunga redio. Nikasema yote bila kupamba: kwamba siku ya kwanza alisema mpira imefungwa, na mimi nikasikia mpira umewekwa. Kwamba niliandika mtoto ni mzima. Kwamba faili ilikaa pale, nikamwonyesha kabati, siku nane, na aliyeiweka ni mimi.

Kopo ndilo lililokuwa linaongea.

"Siku ile ulisema félicitations," akasema.

"Ndiyo, maman."

"Nilifikiri sana juu ya ile félicitations. Kwa mashua, kwa nyumba ya binamu. Nikasema, labda kwa hospitali ndiyo namna yao ya kusalimia."

Sikuwa na mahali pa kuweka uso wangu.

"Na nilikuona unaandika," akaendelea. "Unaandika vizuri, haraka. Nikasema, mwenye anaandika namna hii, amesikia."

"Maman..."

"Samaki zangu ulikula?"

"Nilikula."

"Zote?"

"Zote."

Alitikisa kichwa polepole, sijui kwa hasira au kwa nini. Kama alinisamehe siku ile au baadaye au hapana, sikumuuliza, na ninyi mkikutana naye msimuulize. Hakuniletea samaki tena. Kontrole hajakosa hata moja.

"Iko pale bado?" Maman Julienne akauliza. "Yenye uliandika."

Nikamwonyesha jalada. Aliweka kidole juu ya mstari wa penseli, akaufuata kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hii ni nini?"

"Ni mimi nilikata, sababu ilikuwa uongo."

"Na maneno yangu iko wapi?"

Nilitazama jalada, kana kwamba sikulijua. Kulikuwa na Z, kulikuwa na T, kulikuwa na H. "Haiko, maman. Hatuandikaka maneno ya mama. Tunaandika alama tu."

"Bon," akasema. "Andika."

Jalada hilo halikuchomwa, Clarisse. Liko rafu ya chini kabisa, nyuma ya kitabu cha Papa Anselme, na halimo kwenye mashine. Miezi michache baadaye walitaka watu wa diploma nami nikarudi kwenye redio zangu bila ugomvi, lakini lile nililiacha palepale makusudi. Lisome upande wa nyuma. Ni wino, si penseli.

"Niandike nini, maman?"

"Andika: mama alisema mpira imefungwa."

Niliandika. Kisha kalamu ikiwa bado juu ya karatasi, nikauliza:

"Imefungwa namna gani, maman?"

Alinitazama. Akamhamisha mtoto kwenye goti lingine, akavuta pumzi, akaanza kujibu polepole, kama vile ni Jumanne ile na ametoka tu kwenye mashua.

"Nikiifinya inaingia, hairudi. Ni tangu Jumamosi. Asubuhi anatapika mbele ya kula kitu, hata kwa nchi kavu, hata kwetu, siyo mashua. Anashika kichwa hapa, na hapa. Macho inaanguka chini, haitaki kupanda..."

Exaucée akaacha kutikisa kopo.

"Mama, munaongea juu ya nani?"

"Juu yako," akasema mama yake. "Nyamaza kidogo. Papa iko anasikiliza."